Gari Lisilotoza Nauli

Kaole nzima ilijua kwamba Mwinshehe Kombo hatozi nauli. Ukiumwa alikupeleka hospitali Bagamoyo, ukifiwa alikuchukulia wageni, ukioza binti alikwenda kuwafuata mashangazi Miono na kuwarudisha na vyombo vyao vyote, na safari ikiisha hakusema neno. Alishuka, akakufungulia mlango, akanyoosha mkono kama mtu anayeaga. Nawe ulimpa wako. Ndani ya kiganja chako palikuwa na noti iliyokunjwa ikakunjika, na noti hiyo ilihama kimyakimya kutoka kiganja hiki kwenda kile, naye akaitia mfukoni bila kuitazama.

"Mafuta hayo, mzee wangu," alisema yule aliyeona haya kunyamaza.

"Mungu akuzidishie," alijibu Mwinshehe, na mambo yakaishia hapo.

Aliyezitazama noti ni mkewe, Mwanamkasi. Jioni kanzu ikivuliwa yeye ndiye aliyeukung'uta mfuko, akanyoosha kilichotoka, akapanga cha sokoni na cha fundi. Kwa mfuko ule walikula, walibadilisha matairi, walimsomesha mwana wao Najim hadi akapata ajira Tanga. Gari lenyewe, Noah ya kijivu yenye mlango wa ubavuni usiofunguka mpaka ubembelezwe, ndiyo iliyokuwa shamba lao na duka lao. Lakini umuulize Mwinshehe anafanya kazi gani, angekujibu kwa heshima zote kwamba amestaafu.

Jumatano moja jioni akaja Farhan, mtoto wa dada yake Mwinshehe, kijana mkubwa mwenye simu mbili na biashara zisizohesabika. Mwezi ule alikuwa anauza bima.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, unywe chai."

"Mjomba, bima yako inaisha Jumapili, mimi nakufuatilia kuliko wewe mwenyewe. Safari hii achana na mambo ya bima ndogo. Kuna kampuni ina ofa, bima kubwa, gari binafsi, bei poa kabisa. Gari ikiibwa unalipwa. Ikiungua unalipwa. Ukigonga mtu wanamalizana naye wao. Ukijigonga mwenyewe wanakutengenezea, wewe umekaa hapa unakunywa chai."

Mwinshehe alipendezwa. Alirudia maneno mawili tu katika yote yale. "Gari binafsi," alisema, akimtazama mkewe. "Umesikia, mama Najim? Ndivyo hasa. Gari langu ni binafsi."

Mwanamkasi alikuwa anamimina chai ya mchaichai. Alijaza kikombe cha Farhan mpaka ukingoni kabla ya kusema kitu.

"Farhan, baba, hiyo kampuni imemlipa nani?"

"Mama, wateja wao ni maelfu!"

"Sijauliza waliolipa. Nimeuliza aliyelipwa."

Farhan akacheka, akamgeukia mjomba wake kutafuta msaada. Mwinshehe hakucheka. Aliijua sauti ile. Katika Kaole, posa ikiletwa na mtu asiyejulikana vizuri, Mwanamkasi ndiye aliyetumwa kwenda kumuulizia bwana. Wengine wakitumwa huenda kwa imamu, huenda kwa jirani, hurudi na sifa. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa mtalaka. Rafiki za mtu watamsifu, alisema, na jirani watamstahi, ila mtalaka atakueleza alikuwaje siku ya ugomvi. Mabinti wa Kaole waliookoka kwa miguu ya Mwanamkasi hawakuwa wachache, na wengine hawakujua hata kwamba waliokolewa.

"Nipeni mpaka Jumamosi," alisema. "Nikaiulizie."

*

Asubuhi alijifunga khanga, akaenda stendi ya Bagamoyo, akawakuta madereva wanakunywa kahawa. Akawasalimu vizuri. Kisha akawauliza nani kati yao amewahi kupinduka akiwa na bima.

Kahawa ikawapalia. "Bi mkubwa, asubuhi yote hii unatutakia nini?" alisema mmoja. Mwingine alishika ufunguo wa gari lake na kuondoka kabisa. Mwanamkasi akasimama palepale na khanga yake, hana haraka, mpaka mkatisha tiketi mmoja akamhurumia, akamwambia kwamba kama ni habari za kupinduka basi aende Msata, akamuulize Medard muuza mananasi. Kila mtu anamjua.

Medard alikuwa mtu wa bara, mpole, mguu mmoja mzito kidogo. Alikuwa na meza kando ya barabara, mahali mabasi ya Segera yanapopunguza mwendo, na mananasi ya Kiwangwa yamepangwa kwa ukubwa. Mwanamkasi alipomweleza kilichomleta, alifuta kigoda kwa shati lake, akamkatia kipande cha nanasi, akakaa chini mwenyewe.

"Mama, wewe ni wa kwanza," alisema. "Watu huniuliza ilipindukaje. Hawaniulizi baadaye ikawaje."

"Nieleze baadaye."

"Nilikuwa na Noah kama yenu. Siku za gulio nilichukua watu kutoka hapa kwenda Miono. Bima nilikuwa nayo, tena kubwa. Karatasi halali, stika halali, ukiitazama kwenye simu inasoma. Breki ikaniacha kwenye mteremko. Tukalala mtaroni, watu wanalia. Nikajipa moyo, nina bima kubwa mimi. Akaja mtu wa bima hospitali, kijana mstaarabu, akawapa pole wagonjwa kitanda kwa kitanda. Akamuuliza kila mmoja swali moja tu. Ulilipa kupanda?"

"Wakasemaje?"

"Wakasema kweli. Ningewaambiaje waseme uongo, mtu yuko kwenye plasta kwa sababu yangu?" Medard aliligeuza nanasi moja, akalirudisha mahali pake. "Niliandika gari binafsi. Ilikuwa rahisi zaidi. Basi bima yangu ilikuwa nzuri sana, mama, ila haikuwa ya gari langu. Ilikuwa ya gari jingine linalofanana na langu, lisilobeba watu kwa pesa. Niliuza kiwanja nikawatibu. Mmoja mpaka leo anatembelea fimbo, akipita hapa ananisalimia vizuri, na hiyo ndiyo inaniua."

Mwanamkasi alihisi macho yake yanalowa kwa ajili ya mtu aliyekutana naye muda mfupi tu, akajifanya anafuta maji ya nanasi.

"Walikudanganya waliokuuzia?" aliuliza.

"Hapana. Kuna wakala pale Bagamoyo anaitwa Clara. Nilikwenda kwake kwanza. Aliniambia yote haya, akanitajia bei ya gari la abiria, nikaona anataka kunikamua. Nikaenda kwingine ambako hawakuniuliza maswali. Ukitaka ushauri wangu, nenda kwa anayeuliza maswali."

Alikataa kupokea pesa ya nanasi. Mwanamkasi akampa mkono wa kuagana, na Medard alipoufungua wake akakuta noti ndani yake. Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

*

Ofisi ya Clara ilikuwa chumba kimoja chenye feni, meza na benchi la wateja, na Jumamosi ile benchi lilikuwa limejaa. Mwinshehe alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Clara, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea, alimwamkia kwa adabu, akaanza.

"Gari linatumika kwa shughuli gani, mzee?"

"Langu mwenyewe."

"Halibebi watu?"

"Linabeba. Jirani, ndugu, wagonjwa. Watu tu."

"Unawatoza kiasi gani?"

"Sitozi." Mwinshehe alijinyoosha. "Sijawahi kumtoza mtu."

"Hawakupi chochote?"

"Wananipa mkono."

Clara alivua miwani. "Mzee wangu, huo mkono huwa na kitu ndani?"

Mtu mmoja kwenye benchi alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Wa pili hakuficha. Mwinshehe, aliyesalimiwa kwa kuinamiwa kutoka Kaole mpaka sokoni, aliinuka taratibu, akasema anatoka kidogo, na hakugeuka nyuma. Mwanamkasi akamwomba Clara radhi, akamfuata.

Alimkuta ndani ya gari, mikono kwenye usukani, injini imezimwa.

"Baba Najim, yule mama hakukusudia kukuvunjia heshima."

"Najua."

"Basi tatizo liko wapi? Nimekueleza ya Medard. Tukiandika binafsi tunajidanganya, na siku ya siku wanaoumia si sisi peke yetu. Unaona haya kuitwa dereva wa abiria? Mimi nimekula kwa abiria hao, wala sioni haya."

Mwinshehe alijibu akitazama kioo cha mbele.

"Nikiwa wa abiria, nitakuwa na nauli. Nikiwa na nauli, itakuwa na bei. Ikiwa na bei, kila mtu ataijua. Na Bi Mwanamvua hatapanda tena."

"Bi Mwanamvua ana nini?"

"Mkono wake mtupu."

Mwanamkasi alimwelewa na hakumwelewa. Bi Mwanamvua alikuwa mjane aliyekaa mwisho wa kijiji, mwenye kidonda cha sukari mguuni, na kila Jumanne na Ijumaa Mwinshehe alimkalisha kiti cha nyuma ya dereva, akampeleka hospitali kusafishwa kidonda hicho, kwa kuwa pikipiki haikaliki kwa mguu ule.

"Tangu mwanawe afariki hana anachonipa," alisema Mwinshehe. "Lakini anakunja vidole hivi, anavibana kama ameshika kitu, ananipa mkono. Nami naupokea, natia mfukoni. Ananiambia mafuta hayo, baba. Namwambia Mungu akuzidishie. Hakuna anayejua, mama Najim. Watu wamejaa garini wanatuona, na hakuna anayejua. Wapo na wengine, mwezi huu huyu, mwezi ujao yule. Unafikiri kwa nini siwaangalii mikononi?"

Mwanamkasi akahesabu Jumanne na Ijumaa zake. Siku hizo mfuko ulikuwa mwepesi, siku zote, naye alishaliona jambo hilo zamani na kulipatia tafsiri yake. Alishaamua kwamba kuna mwanamke kule mtaa wa Dunda. Alishamtuma mtu akaulizie. Mwulizaji wa kijiji kizima, anayejua tabia za waume wa watu kutoka hapa hadi Saadani, alikuwa amemwekea mumewe mpelelezi, na mpelelezi alirudi mikono mitupu akaambiwa hakutafuta vizuri.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika dashibodi.

"Unacheka nini?"

"Nitakwambia tukizeeka," alisema Mwanamkasi, na alikuwa na miaka sitini. Alimpenda mume wake wakati ule kuliko siku aliyoletwa kwake kwa ngoma, na alitaka kumwambia hivyo, lakini watu walikuwa wanapita dirishani. "Shuka. Yule mama ni wa kuuliza maswali. Na sisi tuna letu la kumuuliza."

*

Benchi lilinyamaza walipoingia tena. Safari hii alikaa Mwanamkasi mbele ya meza.

"Mwanangu Clara, bima inataka kujua nani ametoa na nani hakutoa?"

"Hapana, mama."

"Inataka bei?"

"Bima yangu mimi haiulizi bei. Leseni ya kubebea abiria nayo mtaifuata, msije mkasema sikuwaambia, na huko watawaeleza taratibu zao. Hapa kwangu, gari la abiria linahesabiwa kwa viti. Kila kiti kinalipiwa. Aliyekaa akiumia analipwa kwa sababu amekaa kwenye kiti hicho. Alikupa nini, hakukupa nini, hayo ni yenu na Mungu wenu." Akamgeukia Mwinshehe, na safari hii sauti yake ilikuwa chini. "Ninachopaswa kujua ni kimoja, mzee wangu. Gari linapokea pesa za watu, au halipokei?"

Mwinshehe alitazama benchi lote, sura moja baada ya nyingine.

"Linapokea," alisema.

Hakuna aliyekohoa.

"Ahsante," alisema Clara. "Sasa sikilizeni vizuri, msije mkanilaumu. Bima kubwa ya abiria ingelilipia gari lenu na watu wote. Kwa pesa mliyokuja nayo haifiki hata nusu. Bima ndogo ya abiria mnaiweza, tena chenji inabaki. Hiyo inawalipa mliowagonga na mliowabeba. Gari lenyewe hailigusi. Likiibwa, hamna kitu."

"Likiungua?" aliuliza Mwinshehe.

"Hamna kitu."

"Likipinduka?"

"Watu watalipwa. Gari mtalia nalo wenyewe."

Pesa iliyokuwa kwenye pochi ya Mwanamkasi ilikuwa ileile ya ofa ya Farhan. Kwa pesa hiyo wangeweza kutoka pale na bima kubwa, maneno matamu, na usingizi wa miezi kumi na miwili, mradi waandike neno moja lisilo la kweli ambalo kila mtu barabara ile aliliandika. Mwanamkasi alimwona mumewe anageuka kulitazama gari dirishani. Alilinunua kwa kiinua mgongo chake. Aliliosha mwenyewe, hakumpa mtu kitambaa.

"Kiti cha nyuma ya dereva nacho kinahesabiwa?" aliuliza Mwinshehe.

"Vyote."

"Basi andika abiria."

Clara akaandika. Mwanamkasi akalipa, simu ya Mwinshehe ikalia ujumbe wa bima, na mtu mmoja kwenye benchi, yuleyule wa kikohozi, akainuka akawafungulia mlango.

*

Farhan hakufurahi. Alimaliza Jumapili nzima akiwasimulia watu barazani kwamba mjomba wake amekataa bima kubwa akachukua ndogo kwa bei inayokaribia hiyohiyo, na kwamba lile gari la heshima sasa ni gari la abiria, limeandikwa, ukipanda ujiandae. Alisema kwa utani. Lakini maneno kama hayo yakishatoka hayachagui pa kuingia.

Jumanne asubuhi Mwinshehe alisimamisha gari mahali pa siku zote. Mwanamkasi alikuwa naye mbele, amejitia anakwenda mjini kununua unga. Watu walipanda, kiti cha nyuma ya dereva kikabaki wazi. Bi Mwanamvua hakuwepo.

Walingoja. Mtu mmoja nyuma akasema pengine amepona. Mwinshehe hakuwasha gari, na Mwanamkasi akauona mkono wake unabana usukani.

"Nipishe," alisema Mwanamkasi, akashuka.

Alimkuta mlangoni kwake, amekaa juu ya mkeka, mguu umefungwa kitambaa, buibui liko pembeni limekunjwa. Alikuwa amejiandaa, kisha akaghairi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie Mwinshehe aende tu. Leo mguu hauniumi kabisa."

Harufu ya kidonda ilikuwa imefika mlangoni. Mwanamkasi akaketi kwenye mkeka, akashusha pumzi kama mtu aliyeelemewa na matatizo yake mwenyewe.

"Bibi, nitakuomba unisaidie. Si wewe, ni sisi. Tumekata bima mpya, basi wenyewe wanahesabu viti. Kila kiti tumeshakilipia, cha mwaka mzima, pesa haturudishiwi. Kile cha nyuma ya dereva umezoea kukaa wewe. Kikienda kitupu na kikirudi kitupu, hasara ni yangu. Mume wangu hasemi, unamjua, lakini usiku halali."

Bi Mwanamvua alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mzima, alishasikia uongo wa kila aina, na pengine aliusikia na huu. Lakini ulikuwa umevaa vizuri.

"Wanahesabu viti?" aliuliza.

"Kimoja kimoja."

"Watu hawa wa bima," alisema Bi Mwanamvua, akanyoosha mkono kulichukua buibui. "Niinue."

Mlangoni pa hospitali abiria walishuka mmoja mmoja, wakampa Mwinshehe mkono, naye akatia mfukoni bila kutazama, kama alivyofanya miaka yote. Wa mwisho alikuwa Bi Mwanamvua. Mwinshehe aliubembeleza mlango ukafunguka, akamshika kiwiko mpaka akakanyaga chini. Bi Mwanamvua akajitengeneza buibui, akageuka kidogo upande, akakunja vidole vyake vinne juu ya kiganja, akavibana sawasawa, akanyoosha mkono.

"Mafuta hayo, baba."

Mwinshehe aliupokea kwa mikono miwili, akautia mkono wake mfukoni, akauacha humo kidogo.

"Mungu akuzidishie, mama."

Alirudi, akakaa kwenye usukani. Hakumtazama mkewe. Aliwasha gari, akalizima, akaliwasha tena.

"Ametoa," alisema.

"Nimeona," alijibu Mwanamkasi, akajifunga mkanda. "Haya, twende."